Sufuria Moja Katika Gereji: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kupika Bia Nyumbani

Mwezi huu tumepokea barua nne zinazozunguka jambo moja, yaani kupika bia nyumbani kwa kutumia chombo kimoja. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba mengi ya yale yaliyoulizwa katika zile nyingine.

Swali

Ndugu Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Buruburu. Nina gereji ambayo haijalaza gari tangu nilipouza langu, na ningependa kuitumia kupikia bia ya shayiri, kiasi cha lita 20 kwa kila upishi, ya kunywa mimi na mashemeji zangu wanapotutembelea. Rafiki yangu anayejua mambo haya ananiambia kwamba bila vyombo vitatu, pampu mbili na kidhibiti joto cha kielektroniki nitakuwa ninaharibu shayiri bure. Mimi nimeona sufuria kubwa ya alumini pale Kamukunji, na nilikuwa nimepanga kutumbukiza ndani yake koili mbili za kuchemshia maji ya kuoga. Mke wangu naye anauliza kama alumini haitatutia sumu. Je, kwa mpango huu nitafika?

Msomaji, Buruburu

Jibu

Ndugu msomaji, kwa sufuria moja utafika. Kwa koili hizo hutafika, na ndiyo maana nitakuomba uanze na umeme na mvuke kabla ya kwenda tena Kamukunji. Watu wengi huanza kwa kununua sufuria inayong'aa, kisha hugundua kwamba gereji yao haina soketi ya kuiwasha wala tundu la kutolea mvuke wake.

Nimalize kwanza la sheria. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ile ambayo wananchi waliibatiza Sheria ya Mututho, inamtaka anayetengeneza kileo awe na leseni. Kwa hiyo kabla hujanunua hata kilo moja ya kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, nenda katika ofisi ya kaunti inayoshughulikia leseni za vileo, ueleze kwamba unakusudia kupika lita 20 za matumizi ya nyumbani, na usiridhike na jibu la mdomo. Kumuuzia jirani hata chupa moja ni jambo jingine kabisa, na kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake ili upate kileo kikali, hatutakuzungumzia katika ukurasa huu.

Upishi wenyewe wa chombo kimoja unakwenda hivi. Kimea kilichovunjwavunjwa hutiwa katika mfuko wa kitambaa cha wavu uliotandazwa ndani ya sufuria yenye maji yote ya upishi, kikalowekwa kwa muda wa saa moja katika joto la nyuzi 66. Kisha mfuko huinuliwa, huachwa uchuruzike, na maji matamu yanayobaki huchemshwa mumo humo pamoja na hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu. Vyombo vitatu vya rafiki yako hufanya kazi hiyo hiyo kwa kugawana: kimoja cha maji ya moto, kimoja cha kulowekea na kimoja cha kuchemshia. Huo ni mpango wa kiwanda uliopunguzwa kimo, na unamfaa mtu anayepika lita 100. Anayepika lita 20 hupoteza sukari kidogo inayobaki katika machicha, hasara ambayo konzi mbili tatu za kimea huifidia, na badala yake anajiokolea vyombo viwili vya kuosha. Waliopika busaa wanalijua hili bila kufundishwa, kwa maana kimea cha wimbi kinachotiwa humo kina kazi ile ile ya kimea cha shayiri, yaani kuleta vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hakuna aliyewahi kuwadai pampu.

Sasa hesabu ya ujazo, ambayo ndiyo itakayokuchagulia sufuria. Chukua kilo 4.5 za kimea. Ili upate lita 20 za kutia katika pipa la kuchachushia, anza na lita 30 za maji. Kimea kitanyonya karibu lita 2.7 hata baada ya kukamuliwa, mchemko wa saa moja na robo utaondoa lita 4 na ushei kwa mvuke, na lita 2 hivi zitabaki chini pamoja na mashapo. Kilichosalia kikipoa hunywea kidogo, na hapo unafika kwenye lita zako 20. Lakini wakati wa kuloweka, zile lita 30 zinabeba pia kilo 4.5 za kimea, ambazo hujaza nafasi ya lita 3 nyingine. Hiyo ni lita 33 kabla ya povu, na povu la dakika ya kwanza ya mchemko hupanda kama maziwa yaliyoachwa jikoni. Sufuria ya lita 40 itakutosha siku ambayo macho yako hayabanduki juu yake. Ya lita 50 itakutosha siku zote.

Kuhusu alumini, mwambie mama watoto asiwe na wasiwasi. Alumini hujivika utando mwembamba unaoizuia isiguswe na chakula, na bia haina ukali wa kuuondoa utando huo katika saa mbili. Ipya ichemshwe kwa maji matupu mpaka ipoteze mng'aro wake na kuwa ya kijivu, kisha isisuguliwe kwa sugu ya chuma wala kuoshwa kwa magadi makali. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri zaidi kwa sababu kinastahimili sabuni kali, lakini bei yake ni ya juu, na fedha hiyo ina kazi mahali pengine.

Mahali hapo ni kwenye ukuta, katika nyaya. Kuchemsha lita 30 ni kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kipasha joto cha kilowati 3, ambacho ndicho kikubwa kabisa kinachoweza kuchomekwa katika soketi yetu ya kawaida ya ampea 13, huchukua zaidi ya nusu saa kuyatoa maji nyuzi 20 na kuyafikisha nyuzi 69, na baada ya kuloweka huhitaji karibu nusu saa nyingine kuyafikisha kwenye mchemko. Upishi mzima hula uniti sita au saba za tokeni. Jambo la kuangalia ni kwamba kwa jumla ya saa mbili na zaidi soketi hiyo inabeba mzigo wake wote, kazi ambayo birika la chai huifanya kwa dakika nne tu.

Nalisema hili kwa kuwa liliwahi kunifika. Nilikuwa nimechomeka kipasha joto changu cha kwanza katika soketi ya zamani ya gereji, nimeinama nikikoroga, nikasikia harufu kama ya sahani ya plastiki iliyosahauliwa kando ya jiko. Nilidhani ni kimea kinachoungua. Nilipogeuka niliona plagi imekuwa ya kahawia kuuzunguka mguu mmoja, na nilipozima na kuivuta, kipande cha soketi kilitoka kimeshikamana nayo. Fyuzi ilikuwa nzima kabisa, kwa sababu mkondo haukuwa umezidi. Kilichokuwa kimelegea ni vibanio vya ndani ya soketi, na penye kulegea ndipo joto linapojikusanya.

Kwa hiyo mwite fundi umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye bodi hadi gereji, yenye swichi yake na kikata umeme kinachojizima mkondo unapovuja kwa miliampea 30. Kikata umeme hicho ndicho kitakachokuokoa siku utakapokuwa umesimama juu ya sakafu iliyolowa na mkono umegusa sufuria. Sufuria yenyewe iunganishwe na waya wa ardhi. Ikiwa laini hiyo itavutwa kwa waya mnene kama wa jiko la umeme, unaweza kupanda hadi kilowati 5 na upishi ukawa mfupi, ingawa mimi nimebaki na kilowati 3 na sijajuta. Muda wa kungoja ndio ninaooshea mapipa.

Koili za kuogea ziache bafuni, na hata huko siziamini sana. Nyingi huwa hazina waya wa ardhi, na joto lake limesongamana katika waya mfupi kiasi kwamba maji yenye sukari huungua yakigusana nalo, ukapata bia yenye ladha ya ugali wa chini ya sufuria. Tafuta kipasha joto kirefu cha chuma kisichoshika kutu, kilichokunjwa mara kadhaa ili joto litandazike, kikafungwa kwa nati na kwa mpira unaostahimili joto katika tundu lililotobolewa karibu na chini ya sufuria. Juu yake weka wavu wa chuma wenye miguu ili mfuko usikiguse, na usikiwashe kamwe kabla maji hayajakifunika.

Kidhibiti joto cha kielektroniki ni chombo kizuri, na vifaa vyake utavipata Luthuli Avenue, lakini hakina haraka. Maji yakifika nyuzi 69 mwaga kimea taratibu huku ukikoroga. Ubaridi wa kimea utayashusha hadi 66. Zima umeme, funika, kisha izungushie sufuria blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili. Mzigo wa lita 33 hupoa polepole, na kwa saa moja utapoteza nyuzi moja au mbili tu. Chini ya nyuzi 65 kuna kimeng'enya kinachofanya bia iwe nyepesi na kavu, kuanzia 68 kuna kingine kinachoiacha na uzito mdomoni, na kwenye 66 vyote viwili vinafanya kazi pamoja. Kipimajoto cha kuaminika kitakufaa kuliko kisanduku chenye taa.

Mfuko ushoneshe mwenyewe. Nenda Eastleigh katika maduka ya mapazia, ununue ile neti nyepesi ya poliesta, uipeleke kwa fundi cherehani ashone mfuko mpana kiasi cha kuivika sufuria nzima, mishono yake ikiwa maradufu na mikanda minne ya kuninginizia. Kumbuka kwamba kimea kilicholowa, kabla hakijachuruzika, kinaweza kufika kilo 15 na zaidi, na kinatiririsha maji ya moto. Usikiinue kwa mikono. Funga kapi kwenye boriti ya kweli, si kwenye vipande vya mbao vilivyoshikilia mabati, na kamba uifunge kwenye ndoano ukutani ili mikono yako miwili ibaki huru.

Mvuke nao usiudharau. Zile lita 4 zinazopotea haziendi mbali. Hugota kwenye dari ya gereji, zikadondoka juu ya masanduku uliyoyahifadhi, na baada ya upishi wa tatu ukuta huota ukungu. Fungua mlango wa gereji, na upande wa pili weka feni ya kutolea hewa juu ya sufuria.

Nairobi yenyewe ina neno katika upishi huu. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Uchungu wa hopsi hutoka kwa joto, hivyo mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa pwani yatakupa bia tamu kupita kiasi. Mimi huchemsha kwa dakika 75, au 90 ikiwa kimea ni cha rangi nyepesi sana, na huongeza hopsi za mwanzo kwa sehemu moja ya tano. Huo muda wa ziada una kazi ya pili: kimea chepesi hutoa harufu kama ya maji ya githeri, ambayo huondoka na mvuke, na kwenye nyuzi 94 huondoka polepole. Ndiyo sababu sufuria isifunikwe wakati wa kuchemka.

Kupoza kuna njia mbili. Ya kwanza ni bomba la shaba lililoviringwa, la mita 10 au zaidi, linalotumbukizwa katika sufuria huku maji baridi yakipita ndani yake. Ni ya haraka, ila hula maji mengi, na mtaani kwetu maji ni ya mgao. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia, ni kuyamimina yale maji matamu yakiwa bado ya moto katika mtungi safi wa plastiki nzito wa lita 20, wenye namba 2 ndani ya pembetatu chini yake, kuukamua hewa, kuufunga, na kuulaza kwa muda ili moto uguse pia kifuniko. Kesho yake utakuwa umepoa. Usiuache siku nyingi bila hamira. Itie hamira kesho hiyo hiyo. Ukifuata njia hii, hopsi za harufu zichelewe kutiwa, kwa sababu moto wa mtungini unaendelea kuzitoa uchungu.

Hamira iwe ya bia, pakiti ya gramu 11 hivi kwa lita 20. Ya mkate hufanya kazi, lakini haitulii chini vizuri na huacha ladha ya unga. Na hapa ndipo jiji letu linapokulipa, kwa sababu hamira ya bia ya kawaida hupenda nyuzi 18 hadi 20, joto ambalo kona ya kivuli katika gereji ya Nairobi huweza kukupa sehemu kubwa ya mwaka bila friji. Pipa liwe mbali na paa la mabati na mbali na mlango unaopigwa na jua la alasiri, maana hamira yenyewe ikichangamka hupandisha joto kwa nyuzi kadhaa. Mwezi wa Julai liondoe sakafuni, uliweke juu ya kipande cha mbao. Kwa vipimo nilivyokupa utapata bia yenye kileo cha asilimia 4 na kitu.

Swali

Fundi, mimi nimekwisha kupika mara mbili kwa mtungi wa gesi wa kilo 13 na jiko kubwa la chini. Mvua ikinyesha hufunga mlango wa gereji. Mume wangu amesema nikuulize kwanza.

Dada wa Syokimau

Jibu

Dada yangu, mume wako ameuliza vyema. Usiufunge tena. Jiko kubwa linalowaka kwa saa mbili katika chumba kilichofungwa hula hewa safi na kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma na usingizi mzito, na aliyeingiwa na usingizi huo hawezi kujifungulia mlango. Pia gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya katika kila shimo, pamoja na lile shimo la kukagulia gari kama unalo. Mtungi uwe nje ya ukuta, mpira upakwe povu la sabuni kila mara kabla ya kuwasha ili uone kama kuna mapovu, na jiko liwe mlangoni au chini ya kibaraza. Mvua ikizidi, ahirisha; kimea kikavu kitakungoja.

Swali

Huku Kitengela tunatumia maji ya kisima cha kuchimbwa. Bia yangu ina ukakasi na haichuji vizuri. Je, kuchemsha maji kwanza kutasaidia?

Msomaji, Kitengela

Jibu

Kuchemsha hakutakutosha. Maji ya visima vya Nairobi na viunga vyake mara nyingi huwa na floridi nyingi, na floridi haiondoki kwa mchemko; maji yakipungua, yenyewe huzidi kukolea. Yana pia magadi yanayozuia kimea kufikia uchachu kinachouhitaji, na hapo ndipo ukakasi unapotoka. Nunua maji yaliyosafishwa kwa mitambo ya kuchuja chumvi katika duka la maji la mtaani. Maji hayo hayana karibu chochote, kwa hiyo kwa lita 30 ongeza gramu 6 za jasi ya daraja la chakula, ambayo si ile ya dari, ili kimea na hamira vipate kalsiamu. Wenzako wa mjini wanaopata maji ya bomba kutoka bwawa la Ndakaini wana maji laini tayari. Taabu yao ni klorini, ambayo ikikutana na viambato vya kimea huleta ladha ya plasta ya kidonda, nayo huondoka wakiyaacha maji katika ndoo pana iliyo wazi usiku mzima.

Swali

Machicha niyapeleke wapi? Nina kuku kumi na mbwa mmoja.

Msomaji, Kasarani

Jibu

Kwa kuku, siku hiyo hiyo au ya pili yake, kwa kuwa yakilala mfukoni hunuka vibaya na kuota ukungu. Yanayozidi mpe mwenye ng'ombe au nguruwe, atakushukuru. Katika upishi wa sufuria moja machicha hutoka kabla hopsi hazijaingia, kwa hiyo ni salama. Mashapo yanayobaki chini baada ya mchemko ndiyo yenye hopsi, na hopsi ni sumu kwa mbwa, hupandisha joto la mwili wake hata akafa. Yafukie ndani shambani, au yafunge katika mfuko na kuyatia katika pipa lenye kifuniko kabla hujamfungulia.